Kwa Baiskeli Katika Nyayo za Askari

Sisi watu wa Mombasa tukisikia Kibera na Kawangware huwaza mabati, matope na msongamano. Ni nadra kumwona mtu wa kwetu akienda huko kwa matembezi. Mimi likizo yangu niliimaliza huko, juu ya baiskeli ya kuazima, wala sijuti, ijapokuwa miguu ilinilalamikia siku tatu.

Aliyenipeleka ni marehemu bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kakake alikuwa mpiga mizinga katika Vita Vikuu vya Pili. Februari 1944 alipanda meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliizamisha kwa dakika chache tu. Watu zaidi ya 1,200 waliangamia. Kila Idi bibi alimtaja kakake, naye amekufa bila kuona hata jiwe lenye jina lake.

Niliondoka Kawangware baada ya sala ya alfajiri. Husemekana jina hilo limetokana na ngware, ndege ambaye sisi twamwita kware. Siku hizi utaona pikipiki kabla hujamwona ndege huyo. Upande huo huo wa Nairobi ndiko Dagoretti, ambako Kapteni Lugard alijenga boma Oktoba 1890, akitokea Mombasa na wapagazi wa pwani pamoja na askari wa Kisudani. Boma lenyewe liliteketezwa mwaka uliofuata. Lugard alikuwa amekwisha kwenda Uganda, na mwaka huo wa 1891 akawachukua askari wengine wa Kisudani waliobaki karibu na Ziwa Albert baada ya Emin Pasha kuondoka. Wakumbuke askari hao, msomaji, maana tutakutana na wajukuu wao.

Nilishuka kwa Barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner, nikajibanza kando ya Barabara ya Ngong huku matatu zikinipita kwa pembe, mpaka nikafika makaburi ya vita. Yalifunguliwa mwaka 1941, na ndani wamelala askari zaidi ya 1,900. Langoni, mkono wa kushoto, pana ukumbusho wa wale wasio na kaburi: waliopotea katika vita vya kuelekea Ethiopia, na Madagascar, na baadhi ya waliozama na Khedive Ismail. Nilipitisha kidole jina baada ya jina. Nililipokuta la mjomba, lilikuwa limeandikwa kwa namna ambayo bibi asingelitambua. Hata hivyo lilikuwa lake. Nikavua kofia ya baiskeli, nikamsomea Fatiha.

Adhuhuri ilinikuta Makina, Kibera. Baada ya sala, mzee mmoja Mnubi alinialika kwake. Akamwita mjukuu alete “moyo”. Nilishtuka, kumbe kwa Kinubi moyo ni maji! Tukala gurusa, mkate mwembamba uliopikwa juu ya kikaango, huku akinisimulia.

Wanubi ni kizazi cha askari wale wa Kisudani. Babu zao walitumikia jeshi la King's African Rifles, na mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ikawaweka katika msitu huu, wao wakauita Kibra, yaani msitu. Eneo lilikuwa ekari zaidi ya 4,000. Walipigana vita vyote viwili vikuu, lakini hati ya ardhi hawakupewa, wakahesabiwa wapangaji wa kukaa kwa hisani. Mji ukawazunguka, msitu ukakatwa, ardhi ikamegwa. Hati ya jamii waliipata mwaka 2017, nayo ni ya ekari 288.

“Babu yangu alipewa bunduki kwa kuandikiwa,” mzee aliniambia, “na ardhi akapewa kwa mdomo.”

Nikamweleza habari ya mjomba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwanangu, nyinyi mna jina na hamna kaburi. Sisi makaburi yetu yako hapa Kibera, lakini muda mrefu hatukuwa na karatasi. Tuliwaambia wakubwa, someni makaburi hayo.”

Nilirejea Kawangware jioni, mlima ukinipandisha kwa miguu na baiskeli nikiisukuma. Nilipofika Mombasa nilikwenda kuisimama ile sanamu ya askari tuliyoizoea tangu utotoni, ambayo nimeipita mara elfu bila kuitazama. Haina majina. Basi ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu yupo mzee ambaye bado anamkumbuka aliyekwenda vitani asirudi, kaa naye leo, uliandike jina kama yeye anavyolitamka.