Somo la Redio: Kupiga Picha za Ndege wa Mwituni

Maneno mnayoyasoma hapa ndiyo yale yale yaliyosemwa katika redio, ili aliyekosa kusikia asome, na aliyesikia ayafuate sasa kwa macho yake.

Somo la leo ni habari za watu wanaowinda ndege bila bunduki, bila ulimbo na bila manati. Chombo chao ni kamera. Labda wako watakaocheka na kusema, "Kunguru tunawafukuza kila siku, na kwale tunawatia mchuzini, picha zao za nini?" Basi subirini kidogo.

Zamani, mtu wa Ulaya aliyetaka kumjua ndege kwa uhakika alimpiga risasi, akamchuna, akamjaza pamba. Aliyependa mayai aliyatwaa kiotani, akayatoboa na kuyapanga sandukuni. Elimu ya ndege ilipatikana kwa njia hiyo, lakini ndege wengine walipungua kwa sababu hiyo hiyo.

Katika jimbo la Yorkshire, nchi ya Uingereza, walizaliwa ndugu wawili, wana wa mkulima: Richard Kearton na Cherry Kearton. (Msidanganyike na jina, Cherry ni mwanamume.) Mwaka 1892 Cherry alipiga picha ya kiota cha ndege mmoja mwimbaji, mayai yakiwa ndani. Kamera ya siku zile ilikuwa sanduku zito la mbao lenye kusimama juu ya miguu mitatu, na kila picha ilihitaji bamba lake la kioo. Ukikosea, kioo kimeharibika. Mwaka 1895 walitoa kitabu cha viota vya ndege wa Uingereza, chenye picha za kamera zilizopigwa huko huko mashambani.

Shida yao kubwa ilikuwa moja: ndege humwogopa binadamu. Hata hivyo hamwogopi ng'ombe. Ninyi wenyewe mmewaona yangeyange wakimfuata ng'ombe malishoni, hata kumpanda mgongoni. Basi ndugu hao walitengeneza ng'ombe wa uongo, ngozi ya kweli juu na tumbo tupu. Mpiga picha alijikunja ndani yake pamoja na kamera, akatulia humo kwa joto na maumivu ya kiuno mpaka ndege alipokaribia. Mimi naona huyo ng'ombe alikuwa mwalimu mzuri sana wa saburi. Cherry baadaye alifika Kenya, mwaka 1909, akapiga picha za sinema za Bwana Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwaka huo huo.

Siku hizi hapana haja ya ng'ombe. Watu hutumia kibanda kidogo cha turubai au cha matete chenye tundu la kutolea jicho la kamera. Lakini kazi ya kukiweka ina adabu zake, na hapa nataka msikilize sana, maana uhai wa makinda umo humu.

Kibanda hakijengwi karibu na kiota siku moja. Huwekwa mbali, ndege akizoee. Kesho yake husogezwa kidogo. Siku ya tatu tena kidogo. Kila kinaposogezwa, mtu hukaa mbali na kutazama kama mama amerudi kiotani. Asiporudi upesi, kibanda hurudishwa nyuma, na picha ikosekane. Kwa nini? Kwa sababu mayai yanaota baridi Ulaya, na huku kwetu yanaungua. Ndege anayetaga chini mchangani hukaa juu ya mayai saa sita mchana ili kuyapa kivuli, wala si kuyapa joto. Ukimzuia wewe kwa tamaa ya picha, jua litayaua upesi. Tena, watu wengine hukata majani yanayoziba kiota ili picha itoke safi. Majani yale yalikuwa mlango wa nyumba. Ukienda zako, kunguru au mwewe hupita na kuona mlango wazi.

Kuna hila moja ya kuingia kibandani ambayo wapiga picha huitumia sana. Mtu akiingia peke yake, ndege aliyemwona hakubali kurudi. Basi huenda wawili pamoja. Mmoja huingia, wa pili huondoka akitembea waziwazi. Ndege akimwona mtu anakwenda zake, mara nyingi hurudi, kana kwamba hajui kuhesabu.

Kazi hii haina hatari kwa ndege tu. Eric Hosking, Mwingereza aliyesifika kwa picha za ndege, alikwenda usiku mmoja wa mwaka 1937 kwenye kibanda chake huko Wales. Bundi mwenye makinda alimshukia gizani akampiga ukucha katika jicho la kushoto. Jicho likaoza, waganga wakalitoa. Akaendelea na kazi kwa jicho moja mpaka uzeeni, akafa mwaka 1991.

Sasa, picha ikiisha kupigwa inakwenda wapi? Mwaka 1899 Waingereza waliounga mkono kazi hii walianzisha chama kiitwacho Zoological Photographic Club. Wanachama walikaa miji ya mbalimbali, kwa hiyo picha zao zilitiwa katika jalada moja, na jalada likasafiri kwa posta kutoka kwa mmoja mpaka kwa mwingine. Aliyelipokea alizitazama picha za wenziwe, akaandika maoni yake, akatia ya kwake, akalipeleka mbele. Maoni ya watu wa namna hii si sifa tupu. Mmoja ataandika kwamba mkia umekatwa. Mwingine atasema jua lilikuwa nyuma ya ndege, uso umekuwa mweusi kama sufuria. Wa tatu atasema, "Huyu siye ndege uliyemtaja, tazama mdomo wake." Neno la huyu wa tatu lina thamani kuliko yote.

Lakini ili wenzako wakusaidie, picha yataka maandishi: siku gani, mahali gani, ndege alikuwa akifanya nini. Bibi Emma Turner alikaa miaka mingi katika mashua yenye nyumba kwenye mabwawa ya Norfolk. Huko kulikuwa na ndege mmoja mkubwa wa matete, wa jamaa ya yangeyange, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 hakuna aliyejua kuwa amezaa Uingereza, maana mabwawa yalikaushwa na ndege wenyewe walipigwa bunduki. Mwaka 1911 Bibi Turner na mlinzi mmoja wa mabwawa walitafuta katika matope na matete mpaka wakapata kinda lake, naye akalipiga picha. Kinda haliruki kutoka nchi nyingine. Picha moja, yenye mwaka na mahali, ikathibitisha kwamba ndege yule amerudi kuzaa, wala hapakuwa na haja ya kumwua ili watu wasadiki.

Hata hivyo, si kila mahali pa kutangazwa. Huko Scotland, furukombe walao samaki walikuwa wamekwisha kuzaa nchini, kisha wakaanza kurudi katika miaka ya 1950. Mwaka 1958, katika ziwa la Loch Garten, mwizi wa mayai alipanda mti usiku, ijapokuwa walinzi walikuwapo, akayatwaa. Mwaka 1959 ulinzi ukatiwa nguvu, na watu wote wakaalikwa kutazama kwa darubini kutoka mbali. Maelfu walikwenda, na makinda matatu yakaruka. Kiota chenye walinzi chaweza kutajwa. Kisicho na mlinzi, mwenye picha hutaja wilaya tu, akanyamaza. Na ninyi wenye simu, jueni kwamba simu nyingi huandika ndani ya picha saa na mahali ilipopigwa, bila kuwauliza. Mtu akituma picha ya kiota, huenda ametuma na njia ya kukifikia. Jambo hilo huzimwa katika mipango ya kamera ya simu. Huko Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1981, kumsumbua kwa makusudi ndege wa aina zilizo adimu akiwa kiotani ni kosa, hata kwa mpiga picha asiye na kibali.

Kazi ya darasa kwa wiki hii. Kila mwanafunzi akae mahali pamoja nusu saa, asubuhi mapema, bila kusema wala kutikisika. Mwenye kamera au simu apige picha ya ndege mmoja, asikaribie kiota. Asiye nayo amchore. Chini yake aandike tarehe, mahali, mdomo ulivyo, na alichokuwa akila. Mwalimu azitie karatasi zote katika jalada moja, alipeleke kwa darasa la kijiji cha jirani, na kila atakayesoma aandike chini neno lake na jina lake.