Woga wa Kuchagua: Hadithi za Kutisha na Msomaji wa Ituri (Sehemu ya Pili)

Anayetaka kujua kwa nini binadamu hutafuta kuogopeshwa, na tena akafurahi, hahitaji kwenda mbali na Bunia. Mwanaanthropolojia Mwingereza Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti karibu na Epulu, teritware ya Mambasa, katika miaka ya 1950, alieleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1961 sherehe ya usiku iitwayo molimo. Wanaume huimba wakiwa wameuzunguka moto, na kutoka gizani sauti huwajibu kwa ngurumo na vilio, huku wanawake na watoto wamejifungia vibandani kwa kuwa wameambiwa kuna mnyama. Turnbull alitarajia kuonyeshwa ala ya kale iliyochongwa kwa ustadi. Alichoonyeshwa ni bomba la chuma, lililotwaliwa kwa wajenzi wa barabara. Vijana walilibeba mabegani, na walipofika kwenye kijito walilizamisha majini ili linywe. Kwao kilichokuwa muhimu ni sauti, chuma si kitu. Na wanawake, kwa jinsi anavyosimulia, walijua mengi kuliko waliyotakiwa kuyajua.

Nashikilia kwamba utamu wa hadithi ya kutisha umo katika mapatano ya kimyakimya ya namna hiyo, ya kuogopa kwa hiari. Moyo unadunda, viganja vinatoka jasho, lakini msomaji anajua kwamba kitabu kina ukurasa wa mwisho na kwamba mkono unaokifungua ndio unaoweza kukifunga. Bibi wa pwani akisema paukwa na wajukuu wakaitikia pakawa, wote wamekubaliana kuingia mahali ambapo zimwi linaruhusiwa kuwako, na wamekubaliana pia kutoka. Ndiyo maana mtoto aliyejificha chini ya kanga ndiye yule yule anayedai kesho yake zimwi lirudi. Amepata nafasi ya kuujaribu woga wake bila kuulipia.

Nitaulizwa: watu wa Ituri wana haja gani ya hofu ya kubuni, ilhali ya kweli wameishiba? Swali hili ni zito, na sitalipita haraka. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viliua makumi ya maelfu; Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka, wanamgambo waligeuza mitaa ya Bunia kuwa uwanja wa mauaji, hata jeshi la Ulaya likatumwa mwezi Juni. Ikaja Ebola, kuanzia 2018 hadi 2020. Makundi yenye silaha ya CODECO na ADF yameendelea kuwatoa watu vijijini mwao, na wengi wamekwama kambini, hapa mjini na nje ya mji. Lakini tazama tofauti. Hofu ya vita haina mwanzo tuliouchagua, haina kanuni, na hakuna anayetuambia itaisha lini. Hadithi ina vyote hivyo. Mwaka 2021 Coltan Scrivner na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wapenzi wa filamu za kutisha hawakusumbuka sana kimawazo wakati wa Korona kama wengine. Sisemi kwamba utafiti huo unamthibitishia chochote mama aliye chini ya turubai kambini Kigonze. Waliohojiwa walikuwa Wamarekani, na huenda watu wenye moyo mgumu ndio wanaozipenda filamu hizo tangu awali. Tena mtu ambaye jeraha lake ni bichi asilazimishwe kusoma habari za damu. Mapatano ya kulazimishwa si mapatano.

Pingamizi la pili ndilo linalonisumbua zaidi, na mara nyingi hutoka kwa wachungaji na walimu: kwamba hadithi za kutisha zinalisha imani ya uchawi, na imani hiyo inaua. Inaua kweli. Katikati ya mwaka 2001, huko Aru, kaskazini mwa jimbo letu hili, mamia ya watu walichinjwa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Novemba 2019, huko Biakato, wahudumu waliokuwa wakipambana na Ebola waliuawa kambini mwao, katika eneo ambamo uvumi ulishawafanya wengi wawaone wahudumu wa afya kuwa ndio waletao ugonjwa. Lakini Aru haikuchomwa na hadithi. Ilichomwa na maneno yaliyopita mdomo hadi mdomo yakijiita ukweli, yenye jina la jirani ndani yake. Uvumi unatumia vitisho vile vile vya hadithi, usiku ule ule, ila umeficha mapatano: hakuna aliyesema paukwa, wala hakuna ajuaye aliyeanza kusema. Kijana aliyezoea kuona jinsi kitisho kinavyotengenezwa, wapi mwandishi amenyamaza na wapi ameongeza giza, ana swali la kumuuliza mleta uvumi.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliliona hilo mapema. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya yake iliyotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, inaweka maiti mahali ambapo watu wanaogopa mizimu, kisha inamleta Bwana Msa na kiko chake kumtafuta muuaji mwenye miguu miwili. Abdulla hakuwadharau wanaoogopa. Aliwaacha waogope barabara, kurasa nyingi, ndipo akawaonyesha mkono wa mtu.

Kwetu kazi ya kuandika vitisho wameifanya wageni. Mvumbuzi Stanley alipotoka katika msitu wa Ituri aliuandika, katika kitabu chake cha mwaka 1890, kana kwamba miti yenyewe ina nia mbaya. Mchoraji wa katuni Hergé akamchora mtu-chui wa Kongo ili watoto wa Ubelgiji wachekeshwe na kushtushwa. Katika maandishi yao sisi ndio kitisho. Mwandishi wa Bunia anaweza kuanzia kwingine: jenereta inazimika ghafla kwenye bulvadi, motari anapita bila taa, na mtu aliye ndani ya nyumba anayetega sikio ni mtu mwenye jina, mwenye deni la karo, ambaye msomaji angependa kumwona asubuhi.