Mashine Moja au Mbili Nyuma ya Boti

Boti ndogo huendeshwa na mashine ya kufunga nyuma, ambayo injini, gia na propela yake ni kitu kimoja kinachobanwa kwenye ubao wa nyuma wa chombo. Anayehitaji hosipawa 80 anaweza kufunga mashine moja ya 80 au mbili za 40. Kwa hesabu ni sawa, lakini majini si sawa. Mashine mbili kwa kawaida huwa nzito kuliko moja yenye nguvu ileile, huzamisha propela mbili na miguu miwili inayoburuta maji, na hunywa petroli zaidi. Plagi, oili na fundi navyo huwa mara mbili. Kwa hiyo asiyetafuta ila mwendo hana sababu ya kununua mbili.

Sababu ya kweli ya kufunga mbili ni hofu ya kuzimikiwa mbali na nchi kavu, na hofu hiyo hutegemea maji yenyewe. Huko Ngara, ambako mto Ruvubu huingia Kagera jirani na maporomoko ya Rusumo, ukingo hauko mbali. Mtumbwi unaovusha watu katika sehemu tulivu ya mto unatoshwa na mashine ya hosipawa 15, ambayo mtu mmoja huibeba begani jioni, pamoja na makafi na nanga iliyo tayari kutupwa. Biharamulo ni habari nyingine. Wilaya hiyo ilifika Ziwa Victoria kabla Chato haijamegwa kutoka kwake na baadaye kuingizwa Mkoa wa Geita mwaka 2012, na anayetoka huko kwenda ziwani hukuta maji mapana yenye dhoruba za usiku zinazoinuka ghafla. Hapo kuzimikiwa ni hatari ya maisha.

Hata hivyo, mashine mbili haziokoi zenyewe. Mara nyingi injini huzimwa na petroli chafu, hasa iliyokaa kwenye madumu na kuingia maji. Zikinyonya tangi moja kupitia chujio moja, zote mbili huzimika, ya pili dakika chache baada ya ya kwanza. Magugumaji ambayo Kagera huyasukuma hadi ziwani huziba matundu ya maji ya kupoza injini, na mashine zilizofungwa bega kwa bega hupita kwenye gugu lilelile. Ulinzi unapatikana pale tu kila mashine inapokuwa na tangi lake, chujio lake na, kama huwashwa kwa umeme, betri yake.

Liko pia suala la nguvu inayobaki. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa wepesi wa hewa injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Mashine ya hosipawa 40 hutoa kama 36. Mwenzake akizimika, hizo 36 hazitoshi kuiinua boti iliyopakia iteleze juu ya maji. Italima tu polepole, huku mguu wa mashine iliyokufa ukiikokota usipoinuliwa.

Faida moja ya mbili haina ubishi: nahodha akiweka moja mbele na nyingine nyuma, boti hugeuka palepale ilipo. Lakini ziwani, ambako wizi wa mashine unajulikana, ni vitu viwili vya kulinda kila usiku.

Kwa boti nyingi ndogo za ziwani, chaguo bora ni mashine kuu moja na ndogo ya akiba yenye hosipawa 8 hadi 15 na tangi lake, inayowashwa kila wiki ili isigande. Mbili zinazolingana zibaki kwa boti kubwa zinazobeba abiria masafa marefu. Na hata hizo zijaribiwe kwanza: chombo kipakiwe mzigo wake wote, mashine moja izimwe, nahodha aelekeze omo kwenye upepo. Kikishindwa kusonga, mashine ya pili haikifai, na fedha zake zinunue maboya ya kujiokolea, moja kwa kila aliyemo chomboni.