Breki zilinifunza nilichoshindwa kufunza

Kuuliza si ujinga, walinena wahenga. Nami nakiri mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi kwamba niliwahi kumzima mtoto aliyeuliza, na jibu lake nikaja kulilipia kwa fedha zangu, nusura na kwa roho yangu.

Nilifunza Fizikia kwa miaka mingi. Kila tulipofikia mada ya shinikizo, nilichora ubaoni mfumo wa breki za gari: kanyagio, silinda kuu, vibomba, na pistoni zinazobana magurudumu. Nilitia mishale ya kwenda mbele, nikaeleza kanuni ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, kwamba shinikizo linalotiwa katika kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Siku moja msichana wa kidato cha kwanza akauliza: "Mwalimu, mguu ukiondoka, mafuta hayo hurudije?" Nikamjibu kwamba hilo halitahiniwi. Darasa likacheka, naye akaketi.

Miaka ikapita. Nikarithi kwa kaka yangu Datsun 240Z, gari ambalo wakongwe wa Safari Rally hawajalisahau. Lilishinda mwaka wa 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, likashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews.

Alasiri moja nilikuwa na mpwa wangu tukipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Kimende. Gari likawa zito kana kwamba linaburura gogo. Harufu ya kuungua ikatanda. Nilipoondoa mguu kwenye kanyagio, breki ya mkono ikiwa haijavutwa, gari lilisimama palepale mlimani bila kurudi nyuma hata shubiri. Magurudumu hayakugusika kwa joto. Tulingoja hadi yakapoa, likaachilia lenyewe.

Heri tulikuwa tukipanda. Breki zinazokataa kuachilia huishia kukataa kushika. Joto huyachemsha mafuta ya breki, yakawa mvuke; nao mvuke hubanika, kanyagio likazama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za selisiasi. Yakishafyonza unyevu wa hewani, kiwango hicho huweza kushuka hadi karibu nyuzi 140.

Nililirudisha katika gereji ambako silinda kuu ilikuwa imebadilishwa majuma machache kabla. Hawakuuliza kitu. Walibadilisha pedi, kisha kalipa zote mbili za mbele. Nililipa, na siku iyo hiyo ugonjwa ukarudi.

Hatimaye nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee, mtu wa jua kali. Yeye alianza kwa maswali. Breki hushika gari likiwa baridi au likishapata moto? Gurudumu moja au yote? Ni kitu gani kilichoguswa mwisho? Kisha akaliendesha mwenyewe hadi likakwama, akahakikisha breki ya mkono imelegezwa, akaliinua na kuliegemeza juu ya vigingi vya chuma, maana jeki peke yake haiaminiki. Akayazungusha magurudumu kwa mkono. Yote manne yalikuwa mazito, ya mbele zaidi.

"Mwalimu," akasema, "kutu haishiki magurudumu manne saa moja."

Akalegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa ya kushoto. Mafuta yakaruka, na gurudumu likazunguka. Kumbe pistoni haikukwama. Shinikizo ndilo lililofungiwa. Akaenda upande wa kulia bila kufungua chochote, nalo gurudumu likazunguka. Maana yake mipira ya breki ilikuwa wazi, kwani mafuta ya kulia yaliweza kurudi na kutokea kushoto. Kosa basi lilikuwa juu zaidi.

Akaikaza skrubu, akatoa hewa, akaliendesha tena hadi likakwama. Safari hii alilegeza nati za silinda kuu na kuivuta mbele milimita chache. Magurudumu yote manne yakaachilia.

Akanieleza. Ndani ya silinda kuu mna vitundu vidogo ambavyo hupitisha mafuta kurudi katika kopo lake mguu unapoondoka. Kijiti kinachoisukuma pistoni kilikuwa kirefu kupita kiasi, kwa hiyo pistoni haikurudi kamili na vitundu vikabaki vimezibwa. Mafuta yakipata joto hutanuka. Yakikosa njia, hubana breki. Breki zikibanwa huzidisha joto. Aliyefunga silinda mpya hakukipima kijiti. Mzee alikifupisha, akabadilisha mafuta yaliyoungua, akatoa hewa. Kipuri hakununua hata kimoja.

Nilirudi nyumbani kimya. Swali la yule msichana lilikuwa limejibiwa na mtu ambaye hakuwahi kuchora mshale ubaoni.

Gereji ile ya kwanza ni zao letu sisi walimu. Tunamtuza mwanafunzi kwa jibu, hatumwulizi alifikaje. Naye akihitimu huyatibu magari, wagonjwa na mashamba kwa kubahatisha, huku mwenye mali akigharamia kila jaribio. Mzee yule alijua kuuliza swali ambalo jibu lake, liwe ndiyo au la, humpunguzia nusu ya shaka.

Enyi wanafunzi, msione haya kuuliza mafuta hurudije. Nanyi walimu wenzangu, chonde chonde, chora na mshale wa kurudi. Na ikiwa hamlijui jibu, semeni hamlijui, mkalitafute pamoja na aliyeuliza. Mimi sikufanya hivyo, na binti yule simjui aliko leo nimwombe radhi.