Ngoma za Gishora

Sisi watu wa Rumonge tusemapo "ngoma" kwa Kiswahili, twafikiri kile chombo kipigwacho, au mchezo wenyewe wa arusini. Lakini Mrundi wa milimani atajapo "ingoma" kwa Kirundi, aweza kuwa anataja chombo, na aweza pia kuwa anataja ufalme. Neno ni lile lile. Ndiyo sababu nataka kuwaelezeni, wasomaji wenzangu, habari za kilima cha Gishora.

Gishora kiko karibu na Gitega, kilomita zipatazo 7 tu kutoka mjini, nchi ya baridi isiyo na michikichi wala ndagala. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwami Mwezi Gisabo alijenga boma lake huko, baada ya kumshinda Ntibirangwa aliyemwasi. Akaweka huko ngoma mbili takatifu. Moja ni Ruciteme, maana yake "yule ambaye watu humfyekea misitu", na ya pili ni Murimirwa, "yule ambaye watu humlimia". Kazi ya kuzitunza na kuzipiga walipewa watu wa pale pale, ikashuka kutoka baba hata mwana.

Ngoma huchongwa kwa gogo moja la mti uitwao umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Gogo hutobolewa ndani, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe na kukazwa kwa vijiti. Sasa sikilizeni majina ya sehemu zake. Ngozi huitwa icahi, kama ile ngozi ambayo mama humbebea mtoto. Vile vijiti ni amabere, yaani matiti. Kiwiliwili ni inda, yaani tumbo, na chini kabisa ni umukondo, kitovu. Ngoma nzima ni mama mzazi!

Wapigaji huja wamezichukua kichwani huku wakizipiga, kisha huzipanga nusu duara. Ngoma ya katikati ndiyo inkiranya, nayo huongoza. Zile ziitwazo amashakwe hushika mdundo mmoja bila kukoma, na ibishikizo huifuata inkiranya kila inapogeuka. Mpigaji mmoja mmoja hutoka mbele, akaruka juu na kucheza, kisha akampisha mwenzake.

Zamani ngoma zililia kwa ajili ya Mwami, na hasa katika umuganuro, sikukuu ya mtama. Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962, ngoma ilichorwa katika bendera pamoja na mtama. Tarehe 28 Novemba 1966 ufalme ukaondolewa, na ngoma ikaondolewa katika bendera. Ngoma ya mfalme asiyekuwako ni ya nini tena? Ingaliweza kabisa kuwa kuni. Lakini watu wa Gishora waliendelea kuchonga na kuwafundisha wana wao, na mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi walishangiliwa Uingereza katika tamasha la kwanza la WOMAD. Mwaka 2014 UNESCO iliandika ngoma hii katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Hata hivyo mambo hayakwisha hapo. Vikundi vya wasichana vilikuwa vimeanza kupiga, lakini mwaka 2017 amri ya Rais ikawakataza wanawake, na ikaagiza kwamba atakaye kupiga nje ya sherehe za serikali aombe ruhusa kwanza. Wengine husema hivyo ndivyo desturi inavyolindwa. Mimi naona ni ajabu kumkataza mama asipige ngoma ambayo kila kiungo chake kina jina la mwili wake.

Tena kuna ule mti. Umuvugangoma hauwi mnene kwa mwaka mmoja, na milimani kila mtu atafuta mahali pa kulima na kuni za kupikia. Vijana wengi hapa kwetu wajua kuruka na kuzungusha fimbo kama wale wa Gishora. Nikiwauliza mti wenyewe ukoje, jani lake na ua lake, hutazamana.