Tableti na Laptopu Ndani ya Mashine Moja: Msee, Chunga Doo Yako

Ukipita Luthuli Avenue, utapata zile mashine za kuchomoa kibodi, ex-UK, zimepangwa kando ya laptopu za kawaida. Muuzaji anang'oa skrini mbele ya macho yako, anakushikisha, na hapo hapo unaanza kupigia doo ya HELB hesabu. Tulia kwanza.

Hii vita ilishika moto 2012. Aprili, Tim Cook wa Apple alicheka hiyo idea: eti unaweza unganisha friji na mashine ya kuchoma mkate, lakini nani ataifurahia? Oktoba, Microsoft wakatoa Surface RT. Ilikuwa nyepesi na betri ilikaa, shida ni kwamba programu za Windows ambazo watu walizoea zilikataa kuingia. Julai 2013 Microsoft wakakubali hasara ya dola milioni 900. Surface Pro ya Februari 2013 ilikubali programu zote, lakini ilikuwa na uzito wa karibu kilo moja na chaji iliisha haraka. Nguvu inakula betri na kuleta joto. Ukitaka wepesi, unapunguza nguvu. Bado wanasukumana na hiyo hesabu.

Halafu kuna mapaja. Kwa laptopu, uzito uko chini ya kibodi. Kwa hizi za kuchomoa, betri na ubongo vyote viko nyuma ya skrini, kwa hivyo inategemea kile kimguu cha nyuma isimame. Mezani iko fiti. Ndani ya mat ya Rongai ikipiga matuta? Utaidaka hewani.

Lakini pahali inauma kabisa ni kwa fundi. iFixit walifungua hiyo Surface Pro ya kwanza wakaipa 1 kwa 10, juu imebandikwa na gundi kila mahali na RAM imechomelewa kwa bodi. Laptopu ya zamani fundi anaongeza RAM ukimalizia chai. Hii, betri ikichoka, kuifungua tu skrini inaweza pasuka.

Kama unachora ama unasoma PDF za lecturer ukiandika kando na kalamu, chukua, utaipenda. Kama job yako ni kutype, angalia zile za kukunja kama Lenovo Yoga: kibodi haitoki, ni laptopu kamili, ingawa ni nzito mkononi.

Na uliza kama bei iko na kibodi na kalamu. Hata Apple, walipotoa iPad Pro 2015, hizo mbili zilikuwa za kununua kando. Ndio, Apple ya huyo huyo Cook.