Kichocho: Tutajuaje Kama Dawa Zimefaa?

Baadhi ya wazazi huuliza: watoto wetu wameshameza dawa ya kichocho skuli, kwa nini wapimwe tena mkojo?

Tunajibu: kuhesabu vidonge vilivyogaiwa si kujua kwamba maradhi yamepungua. Kati ya 2011 na 2017 ulifanyika utafiti katika shehia 90, Unguja 45 na Pemba 45. Zote zilipewa dawa mara mbili kwa mwaka; baadhi zikaongezewa kazi ya kuua konokono, nyengine mafunzo ya kubadili tabia. Mikojo ikapimwa mwaka baada ya mwaka. Alhamdulillah, kichocho kilipungua sana, lakini kwa jumla nyongeza hizo hazikuonesha kushinda dawa peke yake. Bila ya kupima, nani angelijua?

Hata hivyo wajibu wetu uko pale pale. Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na mkojo ndio unaopeleka mayai ya kichocho majini.

Basi wazazi, waacheni watoto wapimwe. Anayetema kidonge kwa siri au kutoa mkojo usio wake huharibu hesabu ya shehia nzima, na kusema kweli ni amana.

Wallahu a'lam.